Barua kwa mwanangu: kabla hujawaandikia wazee wale onyo

Mwanangu,

Barua yako imefika salama, na mama yako amenisomea hapa jikoni kwa sababu miwani yangu bado iko kwa fundi. Sisi huku hatujambo. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike.

Unauliza kama uwaandikie barua ya onyo wale wazee wawili wa zamu yako. Umetoa agizo kwamba mahindi yanayoshushwa kiwandani yasagwe siku hiyo hiyo. Wao wanakujibu, "Sawa, mkubwa," na asubuhi unayakuta yametandazwa juu ya maturubai. Unasema huo ni unafiki, na kwamba afadhali mtu akukatalie usoni ujue moja.

Neno hilo, unafiki, limenikaa vibaya. Nimemwomba mama yako arudie kurasa zako zote nikisikiliza kama kuna mahali uliposema umewasalimu. Sikusikia. Mmekua nikiwaambia kwamba salamu ni kazi. Haitangulii kazi, ni kazi yenyewe. Dada yako alikuwa akiniiga sauti ninapolisema, na bado nalisema.

Kisa cha babu yako kule kiwandani Kisumu mnakijua nusu. Alikuwa mtu wa boila, lile tangi la kuchemshia maji yawe mvuke. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na wakati wa likizo bibi yako alinituma nimpelekee chakula, ugali na kunde katika sufuria iliyofungwa kwa leso. Siku moja nilimkuta amesimama mbele ya kile kioo kirefu kinachoonyesha kiasi cha maji, hakiondolei macho. Akaingia msimamizi mpya, kijana aliyetoka chuoni, rika la baba yako mkubwa. Hakupiga hodi, hakusalimu. Alimwita babu yako kwa jina lake tupu, jina ambalo hata bibi yako hakulitamka mbele yetu, akamuuliza mbona mvuke umeshuka, au amelala. Babu yako akavua kofia. Akasema, "Ndiyo, bwana." Kijana akaenda zake. Mzee akairudisha kofia kichwani, akaniambia niweke sufuria chini nirudi nyumbani. Hakunitazama. Hadi leo nikiona mzee akivua kofia mbele ya kijana wa watu, kifua kinanibana.

Kumbe shida aliijua. Pampu ya kusukuma maji ilikuwa inavuta hewa, maji yakawa yanaingia kwa kukatikakatika, naye akapunguza moto makusudi ili boila lisikaukie. Hakusema. Siku zikapita, kazi ikadorora kiwanda kizima, bado hakusema. Usiku nilimsikia akimwambia bibi yako, "Hakuniuliza. Amenihukumu. Sasa nimwambie nini?"

Aliyekuja kuipata habari ile ni meneja mwenyewe, mzee wa Kihindi ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha dukani. Alivuta kreti, akaketi. Akauliza kama mvua imenyesha Maragoli. Akauliza kama yule mtoto aliyekuwa na surua amepona (ndiye shangazi yako wa Mbale). Kisha akanyamaza, na alijua kunyamaza. Babu yako mwenyewe ndiye aliyeanza: "Mzee, kuna jambo la pampu." Kesho yake fundi alikuwa amelala chini ya pampu ile na spana mkononi. Habari za kreti lile babu alizisimulia mpaka uzeeni, na kila akifika hapo alipiga paja akacheka kwa raha.

Mhindi yule hakuwa wa kabila letu wala hakulelewa kama sisi. Alijifunza. Kwa hiyo usiniambie kwamba wewe umesomea mambo ya mashine na haya ni ya watu wa kijijini. Salamu ni kazi, na kazi yoyote hufunzwa.

Halafu kumbuka nyumbani kwetu. Mama yako ni Mluo wa Seme, mimi ni Mluhya wa Maragoli, ndiyo sababu mmekulia Kiswahili. Mama mkwe wangu hajawahi kuniambia jambo zito ana kwa ana, wala mimi sijawahi kumtazama machoni nikamuuliza anahitaji nini. Jiko lake lilipoanza kuvuja, alimwambia mama yako kwamba mvua ya mwaka ule ina kelele sana. Mama yako akanifikishia. Nikapeleka mabati. Hakuna aliyedanganya hapo, na hakuna aliyeaibika.

Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe. Kule mwishoni, kama jambo la kupita tu, umeandika kwamba kijana wa stoo alikuja ofisini kukuuliza kama mashine mpya inaweza mahindi yenye unyevu, ukamwambia arudi kwenye magunia yake. Kijana wa stoo ana haja gani na mashine? Ametumwa, mwanangu. Wazee wamekukatalia tayari, tena kwa adabu, na sababu wamekupa. Mimi nimekuwa karani wa ghala la nafaka muda mrefu kuliko umri wako. Msimu huu malori yanatoka Trans Nzoia na Uasin Gishu na mahindi ambayo hayajakauka sawasawa, kwa kuwa mkulima anawazia karo ya Januari. Kiwango kinachokubalika ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Ukizidi hapo, unga unashikana kwenye chekecheke, na ukiyarundika tu ghalani kuvu inaota, na kuvu ndiyo mama wa sumukuvu. Nafikiri maturubai yale yana maana yake.

Umesema pia kwamba uliitisha mkutano, ukasema yeyote mwenye maoni aseme, wakakaa kimya. Mmoja ni Mbukusu wa Bungoma, mwingine Mkipsigis wa Molo. Unawaona ni watu wawili wa zamu moja tu. Wabukusu wana marika ya Maina, Chuma, Sawa, Kolongolo. Wakalenjin, ambao Wakipsigis ni wao, wana Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, majina karibu yale yale. Wazee hao wakishatajiana marika kwenye chai, wanajua nani atangulie kunena. Ungemwomba aliye mkubwa azungumze kwanza, mwenzake angefuata. Ukisema "yeyote," nani ainuke?

Lakini kuna upande mwingine wa jambo hili unaoninyima usingizi, na sitaki kukuficha. Maji yangeisha kwenye boila lile siku ambayo babu hayupo zamu, lingeweza kupasuka na kuua watu, na aliyejua alikuwa amenyamaza. Nampenda baba yangu, lakini hilo siwezi kulitetea. Mei 2007 ndege ya Kenya Airways ilianguka Douala muda mfupi baada ya kuruka usiku, wote 114 wakafa. Uchunguzi ulitaja, kati ya mambo yaliyochangia, ukosefu wa uratibu baina ya marubani. Watu wawili, bega kwa bega! Kuna saa ambapo mdogo lazima amkatize mkubwa, na mkubwa lazima akubali kukatizwa. Kwa hiyo unapotaka mtu akuambie usoni, unataka jambo la haki. Ila wewe unalidai kwa barua ya onyo, na mtu aliyeonywa hujifunza kunyamaza zaidi. Au labda hajifunzi hivyo. Labda hao wako ni wakaidi tu, maana wakaidi wapo, hata wenye mvi.

Ulimi unaniwasha kukuamulia, lakini mama yako amenikataza, anasema kiwanda ni chako na wazee sijawaona. Haya. Ninalokuambia ni la sheria tu: Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au kazi duni, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa na asikilize majibu yake, mwenzake wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi akiwepo. Usikubali ofisi ikusukume kuruka hapo.

Chukua kipima unyevu asubuhi kabla ya zamu kuanza, uende nacho kwenye maturubai. Mwamkie yule wa Bungoma, umuulize habari za nyumbani kwake, ungoje ajibu mpaka amalize. Kisha mwombe akushikie gunia mkipima. Nipigie jioni uniambie kimesoma ngapi.

Ni mimi baba yako.