Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Ile Kazi ya Thailand

Kisauni, Mombasa
Februari

Mwanangu Mwanaisha,

Salamu zako zimefika na sisi huku tu wazima, ila mamako goti lake ni lile lile. Ujumbe wako tumeusikiliza pamoja. Wasema umepata shule karibu na Khon Kaen, kule Thailand, ya kufundisha Kiingereza. Ajenti ataka umtumie pesa wiki hii, uingie kwa viza ya utalii, mwezi ujao uwe darasani, na kibali cha kazi utakipata ukishafika. Waniuliza: niende au nisiende?

Nenda. Lakini kwa njia hiyo ya ajenti, usiende.

Sina haja ya kukuuliza kwa nini wataka kuondoka. Uanagenzi wa kufundisha sekondari ya chini, JSS, ni shilingi 20,000 kabla ya makato, na ajira ya kudumu ya TSC, tume ya walimu, hujui itakujia mwaka gani. Huko mwalimu mgeni katika shule ya kawaida hupata kama baht 25,000 hadi 35,000 kwa mwezi, na baht moja inakaribia shilingi nne zetu. Hesabu hiyo waiweza bila mimi. Wewe una digrii ya ualimu, si ya biashara wala ya kilimo, na kule jambo hilo lina uzito wake: Baraza la Walimu la Thailand, lenyewe huitwa Khurusapha, huwapa wasiosomea ualimu ruhusa ya muda tu, ilhali mwenye digrii ya ualimu ana njia ya kuomba leseni kamili. Kwa hivyo ile kozi ya TEFL, cheti cha kufundisha Kiingereza, ambayo ajenti anakuuzia juu ya ada yake, mwambie asante.

Sasa tuje kwenye kibali. Sheria ya Thailand haimshiki mtu kwa kuingia na viza ya utalii peke yake. Wako walioingia hivyo, wakatafuta shule, kisha wakavuka hadi Vientiane, Laos, kuomba viza ya kazi. Kosa ni kusimama mbele ya darasa kabla kibali hakijatoka, hata kama ni mwalimu mkuu mwenyewe aliyekukabidhi rejista. Ukishikwa, faini ni baht 5,000 hadi 50,000, unarudishwa kwenu, na kibali kingine huombi mpaka miaka miwili ipite. Mwajiri naye hutozwa baht 10,000 hadi 100,000 kwa kila mgeni aliyemwajiri hivyo, lakini yeye analala kwake usiku huo. Ajenti naye hayuko hapo. Ndiyo maana kwake yeye jambo hili ni jepesi.

Njia iliyonyooka huanzia kwa shule. Shule ndiyo inayoomba idhini ya kukuajiri kwa serikali ya kule, ungali hapa Kenya. Ikikubaliwa wanakutumia karatasi, nawe waiambatisha na maombi yako ya viza ya kazi, iitwayo Non-Immigrant B. Ubalozi wao uko Nairobi, ingawa siku hizi maombi hufanywa mtandaoni. Viza hiyo hukupa siku 90, na ndani ya siku hizo kibali chenyewe hutolewa, kisha Uhamiaji wakakuongezea muda wa kukaa hadi mwaka. Kwa hivyo swali la kumuuliza ajenti ni moja: maombi ya shule yameshapelekwa serikalini? Akianza hadithi ndefu, umeshajibiwa.

Na kuna jambo kwenye maneno yake lisilonikalia sawa. Mwaka wa shule Thailand huanza katikati ya Mei, na muhula wa pili huanza mwanzoni mwa Novemba. Machi shule za serikali zinafunga likizo ndefu. Hao watoto utakaowafundisha mwezi ujao ni wa shule gani? Huenda ni masomo ya likizo kwenye kituo binafsi, yapo hayo. Basi na aseme hivyo, ataje na jina la kituo.

Nasisitiza hili kwa sababu ya Myanmar. Tangu 2022 serikali yetu imekuwa ikiwatoa Wakenya waliopelekwa Thailand kwa ahadi za kazi, wengine kazi za ualimu na za kupokea simu, kumbe gari lilikuwa linawangoja kuwapeleka Mae Sot. Ng'ambo ya mto hapo ni Myawaddy, ndani ya Myanmar, kwenye makambi ya matapeli wa mitandaoni. Hunyang'anywa pasipoti, wakalazimishwa kuwalaghai watu kwa simu mchana na usiku. Walikuwa vijana wenye digrii kama wewe, na walipandia ndege Jomo Kenyatta wakiaga kama watu wote. Khon Kaen iko kaskazini mashariki, Mae Sot iko magharibi. Ukitua Bangkok ukaambiwa mwendo ni wa kuelekea magharibi, usipande hilo gari, hata liwe limekwisha kulipiwa. Na kabla ya hayo yote, hilo shirika la ajenti litafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Kama halimo, mazungumzo yameishia hapo. Nambari ya ubalozi wetu Bangkok iandike kwenye karatasi, maana simu ndiyo ya kwanza kuchukuliwa.

Kuna na hili la kukuudhi, bora ulisikie kwangu. Kiingereza umekisoma tangu chekechea, ukakisomea chuo kikuu, na watoto wa Kaloleni wakipata alama leo ni kwa jasho lako. Lakini kwa makaratasi ya Asia, Mkenya si mzawa wa Kiingereza. Korea Kusini viza yao ya kufundisha lugha, E-2, upande wa Kiingereza kwa kawaida ni ya nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kijana wa Dublin aliyesomea chochote anapita, wewe mwalimu unabaki nje. Thailand hawakufungii mlango, ila watakudai mtihani wa Kiingereza uitwao TOEIC, alama 600 kwenda juu, na shule nyingine zitakupangia mshahara wa chini kuliko wa Mwingereza mliye naye chumba kimoja cha walimu. Mtihani ufanye, utaupita ukiwa na usingizi. Mshahara ubishanie kabla ya kutia saini, maana baadaye hakuna wa kukusikiliza.

Anza makaratasi sasa. Cheti cha maadili mema cha DCI, idara ya upelelezi, waomba kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen, ni shilingi 1,050, kisha wapigwa alama za vidole. Kadi ya homa ya manjano usiisahau, watokao Kenya huulizwa. Digrii usiitie plastiki hata mamako akikwambia itachafuka, kwani yataka kuthibitishwa Wizara ya Mambo ya Nje na karatasi iliyofunikwa haigongeki mhuri. Kuna na cheti cha daktari: huwapima kifua kikuu, ukoma, kaswende, na matende. Nilipoona matende nilicheka, nikamkumbuka marehemu mzee Shee wa mtaa wa pili na mguu wake. Wapwani tutaulizwa matende mpaka Asia.

Mkataba usome mwenyewe, neno kwa neno. Ni wa miezi kumi au kumi na miwili? Ukiwa wa kumi, Machi na Aprili huna mshahara na kodi ya nyumba iko pale pale. Kibali hutolewa kwa mwajiri aliyekiomba, kwa hivyo ukiacha shule hiyo kinakwisha na ruhusa ya kukaa nchini inakwisha nacho. Na ukija likizo kutuona, chukua kwanza ruhusa ya kurudi kule Uhamiaji, ni baht 1,000. Ukitoka bila hiyo, viza yote imekufa na waanza upya.

Mwambie ajenti pesa hutoi mpaka uione barua ya shule na ile karatasi ya idhini ya serikali. Barua ikija nitumie picha yake, niisome pamoja na amiyako Athmani, yeye ameshughulika na makaratasi ya bandarini na anajua mhuri wa kuchonga.

Mamako auliza kama kule kuna nazi. Nimemwambia zipo tele, hakuamini. Mpigie jioni umwambie wewe.

Ni mimi babako.