Ukipima damu, ondoka na karatasi yako

Mama yangu ana presha na sukari, na mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Kila akipimwa damu alikuwa akiambiwa, "Figo ziko sawa, mama." Nilipoanza kuomba karatasi zenyewe na kuzipanga kwenye faili kwa tarehe, nikaona kreatinini yake ilivyokuwa ikienda: 68, halafu 79, halafu 91. Zote zilikuwa ndani ya kiwango kilichoandikwa pembeni, na kila moja ukiitazama peke yake haina neno. Ila ilikuwa inapanda.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na kazi ya figo ni kuitoa. Mzee aliyekonda ana misuli kidogo, kwa hiyo namba yake yaweza kuonekana nzuri huku figo zimeshachoka. Ndiyo maana ukiipata hiyo namba, uliza na eGFR, yaani makisio ya uchujaji wa figo yanayozingatia pia umri na jinsia. Ya mama ilikuwa imeshuka hadi 61. Ikikaa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, huo unahesabiwa kuwa ugonjwa sugu wa figo.

Daktari alipoziona karatasi zote pamoja aliuliza dawa anazotumia, hata za dukani. Kumbe kulikuwa na diklofenaki ya magoti, dawa ya maumivu inayoweza kuumiza figo, karibu kila siku. Akaisimamisha, akaagiza na mkojo upimwe albumini, kwa sababu kwa mwenye kisukari protini hiyo huanza kuvuja mapema, mara nyingi kabla kreatinini haijasema lolote. Kama mzazi wako ana sukari au presha, kiombe kipimo hicho cha mkojo kila mwaka. Wengi hawakipati kwa kuwa hawajui kukiomba.

Kwenye sukari, HbA1c, yaani kipimo cha sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, inaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, na kuanzia asilimia 6.5 ni kisukari. Lakini mwambie daktari kama una selimundu au upungufu wa damu. Chembe nyekundu kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Za mwenye selimundu hufa mapema, na HbA1c yake hutoka ndogo kuliko hali halisi. Huyo apimwe sukari kwa njia nyingine. Ukiambiwa uende bila kula, maji ya kunywa hayakatazwi.

Ini nalo lina ALT na AST, vimeng'enya vinavyopimwa kwenye damu. Zikiwa juu, kuna jambo la kufuatilia. Zikiwa sawa, usihitimishe kwamba huna homa ya ini aina ya B, kwa sababu mtu anaweza kuishi nayo miaka bila hizo kupanda. Kirusi hicho kina kipimo chake. Ukikutwa huna, pata chanjo.

Na nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimeona wazee wakitoa akiba yao: kile kifaa cha kushika chuma mkononi, kisha kompyuta inakutolea "majibu ya mwili mzima" na orodha ya virutubisho vya kununua papo hapo, hakipimi figo wala ini. Hakuna damu iliyotoka, hakuna mkojo uliopimwa. Hela hiyo ipeleke maabara, upimwe kreatinini na sukari.