Hadithi za sungura zimenirudisha kwenye theolojia, nimekosea?

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Naishi Nkuhungu hapa Dodoma, nina watoto wawili. Zamani nilisoma theolojia nikaiacha njiani, niliona ni majina ya wanatheolojia wa Kijerumani na mitihani tu, nikaingia biashara ya mahindi Kibaigwa. Sasa umeme ukikatika watoto wanadai hadithi, nikaanza kuwasomea za sungura na fisi, na za makabila mengine pia, cha ajabu hizo hizo ndo zimenifanya nitafute madaftari yangu ya chuo na Biblia naisoma kwa hamu kabisa. Mama mkwe kasikia, anasema nawalisha watoto upagani. Nichague kimoja? – Baba wa wawili, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Usichague, ila usichanganye pia.

Upagani gani huo? Fungua Waamuzi 9 kuanzia mstari wa 8, Yothamu kasimama juu ya mlima Gerizimu anawasimulia watu wa Shekemu ngano, miti inatafuta mfalme, mzeituni unakataa, mtini unakataa, mzabibu nao hautaki kuacha divai yake, mwisho unakubali mti wa miiba, tena unawaambia wenzake njooni mjikinge kwenye kivuli changu! Sisi wa Dodoma zabibu tunazijua na miiba ndo usiseme, kivuli cha miiba tunakijua kilivyo, kwahiyo hapo hatuhitaji mfafanuzi. Na John Mbiti, kasisi wa Kianglikana wa Kenya, mwaka 1966 alichapisha hadithi za Wakamba alizokusanya, 1969 ndo kikatoka kile kitabu chake cha dini za Kiafrika ambacho vyuo vya theolojia vinakisoma mpaka leo. Alianza na hadithi, na ukasisi wake haukupotea.

Mimi iliyonikamata ni ya kinyonga. Makabila mengi wanayo, Wazulu wanayo pia: Mungu kamtuma kinyonga akawaambie watu hawatakufa, yeye njiani anatambaa, anasimama, anakula, mjusi akatangulia na habari ya kifo, kinyonga anafika watu wanamwambia umechelewa sisi tumeshapokea ya mwenzio. Nilikuwa naiona ni stori ya kueleza kifo basi, mpaka nikafika Luka 24, wanawake wametoka kaburini na habari ya uzima, mitume wakaona ni upuuzi. Yaani wale nao walishapokea habari ya mjusi! Tangu hapo Pasaka siisomi kama zamani.

Ila sasa usije ukamfanya sungura awe Yesu, nimesikia wahubiri wanafanya hivyo na inanikera. Sungura anashinda kwa kumdanganya fisi, fisi anabaki anachomwa mkia, sisi tunacheka, hadithi imeisha, hakuna anayeuliza fisi kalala wapi. Injili inamuulizia fisi. Zakayo, yule mkuu wa watoza ushuru, alikuwa fisi wa Yeriko, tumbo limejaa vya watu, na ndo nyumba aliyoingia Yesu. Halafu ngano inaanza na hapo zamani za kale, haina mwaka haina kijiji, lakini Imani ya Mitume, lile ungamo la imani la Wakristo, inamtaja Pontio Pilato, liwali kabisa wa Kirumi aliyetawala Yudea kati ya mwaka 26 na 36. Hapo ndo theolojia inakuja na maswali yake, ilitokea kweli? nani alishuhudia? Na wale Wajerumani uliowakimbia wengi walikuwa wanahangaika na maswali hayo hayo, warudie taratibu, safari hii utaona walikuwa wanatafuta nini.

Kuhusu mkweo, usibishane naye, mpelekee Waamuzi 9 umsomee kwa sauti watoto wakiwepo, halafu mwombe awasimulie hadithi aliyosimuliwa na bibi yake. Ukitaka kurudi darasani, chuo cha theolojia cha Msalato kiko hapo hapo Dodoma, nenda kaulize utaratibu wao kwanza kabla hujauza gunia hata moja.