Upepo wa Mlimani na Uwindaji wa Elki kwa Upinde

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini elki, yule kulungu mkubwa wa Milima ya Rocky, anakukimbia huko Colorado kabla hujamfikia kwa mshale. Nadhani kinachokuponza ni upepo. Alfajiri hewa baridi huteremka bondeni, na jua likishapasha miteremko joto hewa hiyo hugeuka na kupanda, ikimfikishia harufu yako. Kwa hiyo asubuhi mkaribie kutoka chini, kisha hewa ikigeuka uzunguke ubavuni mwa mlima umjie kutoka juu. Septemba, wakati wa kupandana, dume huitikia mlio unaoiga wa jike, na kumsikia akijibu karibu nawe ni furaha kubwa hata usipofyatua. Subiri akupe ubavu, ndani ya mita 30 hivi.