Anti, gauni halifungi! Majibu kwa maharusi wa Dodoma

Barua za wiki hii karibu zote zimetoka kwa watu waliokwisha kulipia ukumbi. Haya, tuzijibu.

Anti, naolewa baada ya wiki sita. Nina kilo 82, nataka nifike 70. Shoga yangu kanipa chai ya kupunguza mwili. Nashinda chooni, lakini mzani unashuka. Niendelee? (Bibi harusi, Ilazo)

Acha leo, mdogo wangu. Kilichoshuka ni maji na kinyesi, mafuta yako palepale. Nyingi ya chai hizo zina sena au dawa nyingine ya kuharisha. Ukinywa maji ya kutosha, kilo zinarudi. Ukizidisha unapoteza potasiamu, ambayo moyo unaihitaji ili udunde sawasawa. Na kama unatumia vidonge vya uzazi wa mpango, kuharisha sana kunaweza kuvifanya visifanye kazi. Hilo muuza chai hakwambii.

Kasi salama kwa watu wengi ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Kwa wiki sita ni kilo tatu hadi sita, na hata tatu si haba. Kilo 12 zinataka miezi mitatu hadi sita. Kwa hiyo mwambie fundi ashone gauni la mwili ulionao, siyo la mwili unaouombea, kisha upimwe tena wiki moja kabla. Kupunguza gauni ni kazi ya jioni moja. Kuliongeza usiku wa kuamkia harusi ndiko kunakoliza watu.

Tena, kama mnataka mtoto mapema, nenda kliniki uulizie foliki asidi, vitamini ya kumkinga mtoto tumboni na kasoro za uti wa mgongo. Huanzwa kabla ya mimba, maikrogramu 400 kwa siku, na haiendi pamoja na kushinda njaa.

Anti, mimi ndiye bwana harusi. Kikao kila Jumapili, chipsi, nyama, bia. Kitambi kinakua kuliko michango. (Nkuhungu)

Umenichekesha, kaka. Lakini umegusa penyewe: harusi zetu zinanenepesha watu kabla hazijafika. Kikao kimeandikwa saa kumi, mwenyekiti anaingia saa kumi na mbili, na muda wote huo meza haikai tupu. Soda moja ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Ukinywa mbili ukingojea akidi, umeshakula mlo mdogo ambao tumbo halijauhesabu.

Kula nyumbani kabla ya kwenda: wali kiasi, maharage, mboga. Kikaoni agiza nyama choma na kachumbari nyingi, chipsi waachie mashemeji. Kila bia ifuatwe na glasi ya maji, na ikifika ya pili, basi. Wewe ndiye mwenye harusi, hakuna wa kukulazimisha. Mwombe mweka hazina apange maji na matunda kwenye bajeti. Yeye atafurahi, ni nafuu. Na usijichoshe kwa mazoezi ya tumbo peke yake: mafuta ya tumboni hayaondoki kwa kulikunja tumbo, yanaondoka mwili mzima ukitumia zaidi ya unachokula. Ukipata nafasi, pima presha na sukari.

Niache ugali? (Kongwa)

Hapana. Punguza tonge, ongeza mlenda. Dona, uwele na mtama visivyokobolewa vinashibisha kwa muda mrefu kuliko sembe. Ila angalia mafuta na karanga unazomimina kwenye huo mlenda. Vijiko viwili vya karanga vinatosha.

Mimi ni mwembamba, mawifi wananisema. Dukani wameniambia kuna vidonge vya kunenepesha. (Chang'ombe)

Usiviguse. Baadhi ya vinavyouzwa hivyo ni steroidi, yaani dawa za homoni: uso unavimba, presha na sukari vinapanda, na ukiwa umevitumia muda mrefu, kuviacha ghafla ni hatari. Kama umeshaanza, nenda kituo cha afya wakuelekeze namna ya kuacha. Kunenepa kwa chakula kupo: uji wa mtama wenye maziwa na karanga asubuhi, mayai, parachichi, na mlo mdogo wa ziada saa kumi. Kama umekonda bila sababu unayoijua, kapime kwanza. Mawifi wasubiri.

Gym ni ghali, jua la Dodoma nalo linaua. Nifanyeje? (Kisasa)

Toka saa kumi na mbili asubuhi. Shirika la Afya Duniani linashauri walau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, yaani nusu saa ya kutembea haraka siku tano, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Nguvu hazidai mashine: chuchumaa na kusimama, pushapu za ukutani, kubeba ndoo za maji mkono huu na huu. Juni hadi Agosti upepo ni baridi na vumbi lipo. Vaa sweta, fanyia uani. Kucheza ile staili ya kuingilia ukumbini pia ni mazoezi, na hapo wasimamizi wako hawana kisingizio.

Siku yenyewe nisile, ili tumbo liwe bapa? (Bahi)

Ukianguka madhabahuni, picha zote zitakuwa hizo. Asubuhi kula mayai, ndizi mbivu na chai isiyo na sukari nyingi. Maharage, kabichi na soda viache tangu jana yake, maana vinajaza gesi. Mwambie msimamizi abebe maji na karanga kwenye pochi, kwa sababu kati ya saluni, kanisani na kupiga picha hakuna atakayekukumbuka mpaka keki ikatwe.