Laptopu ya zamani bado ina pa kuweka SSD: maswali ya wasomaji

Shikamoo fundi. Nina ThinkPad X230. Diski yake ngumu (hard disk) ya GB 500 ina kazi zangu zote, lakini mashine inawaka taratibu mno. Naweza kuongeza SSD (diski ya kasi isiyo na kinachozunguka) bila kuitoa hiyo diski?

Marahaba. Unaweza. Mashine hii ya mwaka 2012 ina sloti ya ziada iliyokusudiwa modemu ya laini ya simu, na sloti hiyohiyo inapokea SSD ndogo ya aina ya mSATA. Toa betri, igeuze mashine, fungua skrubu zenye alama ya kibodi na za sehemu ya kuegemeza viganja. Inua kibodi polepole, kwani waya wake ni mfupi, kisha ondoa kifuniko cha viganja. Utakuta sloti mbili zinazofanana. Moja ina kadi ya Wi-Fi, nyingine mara nyingi ni tupu. SSD inakaa kwenye ile ya modemu. Sloti ya Wi-Fi haina njia ya SATA (njia ambayo diski hupitishia data), kwa hiyo ukiichomeka SSD humo haitaonekana kabisa.

Utasikia watu wakisema mSATA ya X230 haifai kwa sababu inapitisha gigabiti 3 kwa sekunde, wakati nafasi ya diski kuu inapitisha 6. Hesabu hiyo ni ya kweli, ila isikukatishe tamaa. Diski ya kuzunguka mara 5,400 kwa dakika hutumia milisekunde 11 kumaliza mzunguko mmoja. Kichwa cha kusomea kinasogea kwanza, kisha kinasubiri data ifike chini yake. Windows ikiwaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, na kila kipande kina foleni yake. Kwenye SSD hakuna kinachozunguka; kipande hupatikana kwa takriban sehemu ya kumi ya milisekunde. Ahueni utakayoiona inatoka hapo, iwe ni gigabiti 3 au 6. Weka Windows kwenye mSATA, mafaili yabaki kwenye diski.

Laptopu yangu haina sloti hiyo, ila ina DVD ambayo siitumii. Nimeambiwa kuna fremu ya kuweka diski mahali pa DVD.

Ipo, na ni bei nafuu. Kabla ya kununua, toa DVD uipime unene: ziko za milimita 9.5 na za 12.7, na fremu isiyolingana haiingii. Ushauri wangu ni SSD ikae nafasi kuu, diski ya zamani ndiyo ihamie kwenye fremu. Nafasi ya DVD kwenye mashine nyingi za zamani ni ya kasi ndogo, na baadhi hukataa kuwaka kutokea huko. Bandua pia ule uso wa plastiki wa DVD uuhamishie kwenye fremu, ubavu wa laptopu usibaki wazi.

Nimenunua SSD ya NVMe (aina ya kasi kuliko ya SATA), imeingia vizuri kwenye sloti ya M.2, ile nyembamba ya SSD, lakini BIOS (programu inayoiwasha mashine) haiioni. Imekufa?

Sidhani. Laptopu nyingi za miaka ya 2013 hadi 2015 zina sloti ya M.2 inayoelewa SATA peke yake. Kwa kawaida SSD ya M.2 ya SATA ina mikato miwili kwenye meno yake, ya NVMe ina mmoja. Irudishe dukani wakubadilishie. Wakikataa, nunua kasha la USB la NVMe uitumie kama diski ya nje. Na safari nyingine soma mwongozo wa modeli yako kwanza, urefu nao uuangalie: milimita 42 na 80 hazibadilishani.

Nihamishe Windows ilivyo au niweke upya?

Weka upya ukiweza. Ukitaka kuhamisha, Clonezilla, programu ya kunakili diski nzima, ni ya bure, ila kwa kawaida inataka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Kutoka GB 500 kwenda 256 lazima upunguze patisheni (sehemu iliyogawiwa ya diski) kwanza. Kabla ya lolote, nakili kazi zako kwenye diski ya nje. Tafadhali usiruke hatua hii. Ukishahamisha, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha mara ya kwanza, uhakikishe mashine inawaka kwa SSD pekee.

SSD ya TB 1 inasoma GB 931. Nimeibiwa?

Hapana. Mtengenezaji anahesabu kwa maelfu, Windows kwa 1,024. Wizi upo kwenye zile za "TB 16" zinazouzwa bei ya kutupwa. Zijaribu kwa programu ya kupima ukubwa halisi, H2testw, au F3 kama unatumia Linux, kabla hujaziamini na picha za watoto.

RAM yangu (kumbukumbu ya muda ya mashine) ni GB 4. Nianze na ipi, RAM au SSD?

SSD. Kisha ongeza RAM ifike 8 pesa ikipatikana. Ila fahamu kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za umri wa X230 haziko kwenye orodha rasmi ya Windows 11. Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, inakaa vizuri kwenye SSD ya GB 120 na bado inapokea masasisho ya usalama.