Je, plastiki "hujilimbikizia" chaji?

SWALI: Naandaa makala ya fizikia kwa wanafunzi wa kidato cha sita, kuhusu plastiki (polima) zinazopigwa na elektroni zenye nishati kubwa. Niliandika: "Polima hujilimbikizia chaji ya umeme." Mhariri akabadilisha ikawa: "Chaji ya umeme hulimbikizwa katika polima." Mwalimu mwenzangu anasema sote tumekosea, iwe: "Chaji hujilimbikiza." Naomba mtuamulie. Pia, tuseme mionzi au mnururisho? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Kisarufi hakuna aliyekosea, mwalimu. Sentensi zote tatu zinasimama. Kinachozitofautisha ni nani anayefanya kazi ya kulimbikiza, na hilo huamuliwa na fizikia kabla ya kamusi.

Nianze na yako, kwa kuwa ndiyo yenye mtego. "Kujilimbikizia" kuna ji- ya kujitendea na kuna kauli ya kutendea. Maana yake ni kulimbikiza kwa faida yako mwenyewe. Msomaji wa Tanzania akiliona tu neno hilo anasikia "kujilimbikizia mali", msemo uliobeba lawama tangu siasa za Azimio la Arusha la mwaka 1967. Anayejilimbikizia anajua anachokifanya na ana kusudi lake. Polima haina kusudi. Elektroni huingia ndani yake kwa kasi, hugongana na elektroni za atomi, hupoteza nishati hatua kwa hatua, mwisho husimama na kunaswa humo humo. Elektroni yenye nishati ya megaelektronivolti 1 hupenya milimita 4 hivi katika plastiki ambayo msongamano wake unakaribia wa maji. Kama kipande ni kinene kuliko hapo, haitokezi upande wa pili. Plastiki ni mpokeaji asiyeombwa ruhusa, kwa hiyo hiyo -zia iondoe.

Mhariri wako yuko sahihi pale ambapo mtendaji yupo. Kauli ya kutendwa humdai mtendaji hata asipotajwa: ukisema "hulimbikizwa", msomaji atauliza "na nani?" Maabara wana jibu. Mtafiti huchukua kipande cha akriliki angavu (plastiki inayofanana na kioo), hukilenga kwa mashine inayoharakisha elektroni, kisha hukigusa kwa ncha ya chuma iliyounganishwa na ardhi. Sehemu kubwa ya chaji iliyokuwa imenaswa hutoka kwa mkupuo mmoja, cheche humulika ndani ya akriliki, na hubaki michirizi yenye matawi yanayozidi kuwa membamba hadi hayaonekani kwa macho. Michirizi ya aina hiyo huitwa kwa jina la Georg Christoph Lichtenberg, mwanafizikia wa Göttingen, Ujerumani, aliyeiona mwaka 1777 katika vumbi lililotua juu ya sahani ya utomvu iliyotiwa umeme. Kwa jaribio kama hilo la akriliki, andika "hulimbikizwa" bila wasiwasi: kuna aliyekusudia.

Lakini nadhani makala yako inahusu zaidi vihami vya umeme, yaani vitu visivyopitisha umeme kirahisi kama plastiki, vilivyoachwa kwenye mionzi kwa muda mrefu, mathalani katika satelaiti. Huko juu, kwenye obiti ya kilomita kama 36,000, satelaiti huishi ndani ya ukanda wa nje wa Van Allen, eneo la elektroni zenye nishati kubwa zilizonaswa na usumaku wa Dunia, na elektroni huipiga bila kulengwa na yeyote. Januari 1994 satelaiti mbili za Kanada, Anik E1 na Anik E2, zilipoteza udhibiti wa mwelekeo ndani ya saa chache. E1 ilirudishwa siku ile ile, E2 ikachukua miezi. Wataalamu walilihusisha tukio hilo na chaji iliyokuwa imejaa ndani ya vihami kisha ikafyatuka. Hapo mwalimu mwenzako ndiye mwenye sentensi bora: "Chaji hujilimbikiza." Ji- hii haidai nia. Ndiyo ile ile ya "sumu hujilimbikiza mwilini". Inasema tu kwamba jambo limetokea lenyewe, kidogo kidogo.

Huo ukidogo kidogo ndio unaonifanya nilipende shina lenyewe kuliko "kurundikana" au "kukusanyika". Kulimbika maji, kwa matumizi ya zamani, ni kungoja yachuruzike kisimani mpaka yatoshe kuchotwa. Kwenye polima pia kuna kuingia na kuna kutoka. Chaji huvuja, ila plastiki nyingine huivujisha polepole mno, siku nzima au hata miezi, na mionzi yenyewe huongeza uvujaji kwa kuifanya plastiki ipitishe umeme kidogo zaidi. Hatari huja pale mwingio unapouzidi mvujo kwa muda mrefu, uga wa umeme ukafika makumi ya mamilioni ya volti kwa mita, na kihami kikapasuka kwa cheche. "Kurundikana" hakukupi picha ya mvujo hata kidogo.

Kuna neno moja hukuliuliza, nalo ndilo litakalowapoteza wanafunzi: chaji. Kwao chaji ni ya simu. Simu "ikijaa chaji", betri haijapata chaji ya ziada. Hasi na chanya ndani yake bado zinalingana, kilichoongezeka ni nishati ya kikemikali. Kihami kilichopigwa na elektroni kina hasi iliyozidi kweli kweli. Basi mara ya kwanza andika "chaji hasi" kwa ukamilifu, na epuka "polima huchajiwa", maana mtoto atatafuta waya na soketi.

Kuhusu mionzi na mnururisho, kwa kidato cha sita chukua mionzi. Ndilo neno la hospitalini na ndilo linalotumiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Ila mionzi haina kitenzi kinachotumika, na hapo kunururisha kunakuokoa: "polima iliyonururishwa" ni fupi kuliko "polima iliyopigwa na mionzi", mradi ulieleze neno hilo mara moja.

Na tafadhali, "elektroni hizi", si "maelektroni haya".